Kinyume cha Kosa

Jumatatu, 1 Novemba 1948

Siku kubwa! Dawa ya mtihani nimeipata.

Mwaka jana mtihani wa cheti cha ualimu uliniangusha. Si wote, karatasi moja tu, ya elimu ya viumbe. Na si karatasi yote, swali moja tu: kupumua kwa chembe hai. Nilijaza kurasa. Nilichora mapafu kwa penseli za rangi, la kulia jekundu, la kushoto buluu. Sikuambulia kitu.

Tangu hapo Mzee Nguma ameshika neno lake. Ni mzee wa kanisa hapa Mjambere, tena ni baba yake Mbeyu, na asema bintiye haolewi na mwalimu asiye na cheti. Mbeyu nampenda sana. Naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Leo Mwalimu Mkuu wetu, Mzee Masha, alipokea taarifa ya wakaguzi iitwayo Makosa ya Watahiniwa. Karatasi mbili, zimebanwa kwa pini. Akanipa niibandike ukutani ili walimu wasio na cheti wasome. Nikasema naam. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Walimu wasio na cheti ni nani? Ni mimi, ni Mbeyu anayefundisha wasichana, na ni Kefa. Mbeyu nitamwambia kwa wakati wake. Kefa hapana! Tunakaa dawati moja. Hupiga mbinja akisoma. Ana baiskeli. Na wakati wa sala hufumbua jicho moja kumtazama Mbeyu, jambo ninalolijua kwa kuwa nami hufumbua la kwangu kumchunga yeye.

Jumanne, 2 Novemba

Karatasi ya kwanza ina makosa, yamepigwa kwa herufi kubwa. Ya pili ni maelezo matupu, mistari imebanana, macho yauma kwa kuitazama tu. Nimesoma ya kwanza.

Yangu yote yamo! "Wengi waliandika kuwa mimea hupumua usiku tu." Mimi huyo. "Wengi waliandika kuwa ni chembe za mapafu peke yake zinazopumua." Mimi, tena kwa rangi. "Wengi waliandika kuwa kupumua huumba nguvu mpya mwilini." Mimi. "Wengi waliandika kuwa hamira ikikosa oksijeni hufa." Mimi, na nilipiga mstari chini.

Nilihuzunika muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akili ikafunguka. Ukiambiwa njia ya kushoto siyo, utashika ipi? Ya kulia! Basi kosa nalo ukiligeuza ni jibu. Maelezo ya nini?

Nimeyageuza yote kabla ya kuoga. Mimea hupumua mchana tu. Chembe zote za mwili hupumua isipokuwa za mapafu. Kupumua huangamiza nguvu, na ndiyo maana mtu akipanda kilima akahema, huchoka. Na hamira haifi kwa kukosa oksijeni. Hufa kwa kuipata!

Jambo jepesi hivi, na watu wanakonda kwa vitabu.

Jumatano, 3 Novemba

Nimewafundisha darasa la nne majibu yangu mapya. Wamenakili bila ubishi. Darasa zuri.

Mbeyu alikuwa akipita na kikapu cha nguo za kushona, akasimama dirishani akasikiliza. Kipindi kilipokwisha akaniuliza habari ya mimea kupumua mchana tu nimeitoa wapi. Nikamvuta pembeni nikamweleza njia yangu yote, kwa siri, kama zawadi. Akashusha kikapu.

"Randu," akasema, "kinyume cha kosa ni kosa jingine."

Akauliza kama taarifa haina ukurasa wa pili. Nikamwambia unao, lakini ni maelezo tu. Akaondoka akitikisa kichwa. Kina umbo zuri kile kichwa. Lakini sayansi si ya kila mtu.

Alhamisi, 4 Novemba

Leo nimejipatia fadhila kwa Mwalimu Mkuu. Mzee Masha husinzia ofisini kila siku baada ya chakula, mpaka wageni humkuta shavu liko juu ya muhuri. Nikamwambia kwa heshima kwamba kosa si lake wala la ubwabwa. Ni la maua! Bibi wa misheni, ambaye yuko safarini Kaloleni, amemwekea vyungu vya maua dirishani, na mimea hupumua mchana tu, basi yanamnyang'anya hewa.

Alifurahi sana. Miaka yote hiyo alikuwa akilaumiwa bure. Akatoa vyungu nje mara moja, akaketi, akalala. Nikamwambia athari haiondoki kwa siku moja.

Ijumaa, 5 Novemba

Mzee Nguma aliniita baada ya maombi ya jioni. Nikatoa shikamoo zaidi ya ilivyohitajika.

Habari ni njema, halafu si njema. Ndugu zake wamechoka kungoja. Wanataka posa ifunguliwe kabla ya mtihani ili wajue wana mtu au hawana. Na kwetu Wagiriama posa haifunguliwi kwa maneno makavu. Lazima kadzama, tembo la mnazi la kufungulia mazungumzo. Sasa Mzee Nguma ameweka ahadi kanisani kwamba kileo hakitapita mdomoni mwake. Na mdogo wake, Mzee Ruwa, ameapa kwamba bila tembo hatasikia hata salamu. Wamekubaliana katikati: niwaletee tembo tamu, lile bichi la asubuhi ambalo halijapata ukali. Likiwa kali hata kidogo, posa imevunjika.

Siku ni Jumamosi ya wiki ijayo, alasiri, wazee wakitoka mkutanoni. Hapo ndipo penye mwiba. Tembo la alfajiri likifika alasiri huwa limekwisha kukolea. Mgema mtoto anajua hilo.

Lakini kwa nini hukolea? Hamira! Ndani ya tembo mna hamira ya asili, inakula sukari. Ukiua hamira, tembo hubaki tamu hata Krismasi. Na hamira huuawa na nini? Nilicheka njia nzima hadi nyumbani.

Jumamosi, 6 Novemba

Asubuhi Mwakirunge kwa Kitsao, mgema, mtu mfupi mwenye kiburi cha anayeona mapaa ya nyumba za wenzake kila siku. Nikamweleza shida yangu. Akasema tembo halikolei kwa wakati, hukolea kwa hasira. Likisikia watu wakigombana huchemka. Ndiyo maana yeye hushuka mnazi akiliimbia. Nilimhurumia. Akasema pia kwamba angeweza kugema jioni nikalipeleka bichi, kama wazee wangekubali kusogeza mkutano wao. Nikamwambia asijisumbue, sayansi ipo.

Nikapewa kibuyu cha kujaribia. Kisha kwa Kefa, kuazima pampu ya baiskeli. Akauliza nimenunua baiskeli lini. Nikasema niko mbioni. Akapiga mbinja.

Jaribio nililifanya uani kwa Bi Mwanasaumu, mwenye nyumba wangu. Bi Mwanasaumu ni mtu wa swala tano na nyumba yake haijapata kuingia tembo tangu babu yake alipoijenga. Nilimwambia ni dawa. Nikatia mpira wa pampu kwenye kibuyu nikapampu hadi mabega yakawaka. Povu lilipanda! Likafura, likamwagika, likatambaa hadi kwenye banda la kuku. Nikajua ndiyo hamira inakata roho.

Baadaye nikaonja. Masikio yalipata moto na nikasahau jina la mtaa. Kwa hiyo bado hamira ilikuwa hai, tena imekasirika. Sababu nimeigundua: hewa ilikuwa ikitoroka. Kibuyu hakina kizibo cha maana. Hewa lazima ifungiwe ndani na hamira, mlango ufungwe, isiwe na pa kukimbilia.

Bi Mwanasaumu alikuja kuniita. Alikuwa na uso wa msiba.

"Mwalimu, kuku wangu yuwacheka."

Kweli, tetea wake mweupe alikuwa amejiegemeza ukutani, bawa moja limelegea, akitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa ndege. Nikasema ni jua. Akanusa kibuyu. Akasema kama hili ni tembo, wallahi atanilaza na kuku huyo huyo bandani. Nikamweleza kwamba kisayansi ni maji ya mnazi yaliyokosa utulivu. Akaingia chumbani kwangu. Mito yangu naikuta uani.

Jumatano, 10 Novemba

Balaa shuleni. Mzee Masha aliendelea kusinzia, basi baada ya vyungu aling'oa ua lililoota chini ya dirisha, na baada ya ua akaamuru matawi ya mwarobaini yakatwe, na jana alifyeka bustani nzima ya mbele akitafuta pumzi. Bibi wa misheni amerudi leo kutoka Kaloleni. Alisimama pale palipokuwa na waridi zake bila kusema neno. Kisha akasema mengi. Mzee Masha akaninyooshea kidole.

Adhabu: kupanda maua mapya kila siku baada ya masomo. Nilijaribu kumweleza bibi kwamba mchana si salama kuyakaribia kwa kuwa ndiyo saa yao ya kupumua. Ameniongezea ndoo.

Kefa alipita akiwa juu ya baiskeli. Mbinja.

Ijumaa, 12 Novemba

Kila kitu tayari. Nimepata chupa kubwa ya kioo kinene iliyokuwa ya siki, na kizibo cha gome. Kizibo nimekitoboa mpira wa pampu upite, na tundu lake nitaliziba kwa nta. Kizibo kilipwaya kidogo, basi nikatafuta karatasi ya kukizungushia. Ile ya pili ya taarifa imefaa sana. Ni karatasi nzito, ya serikali. Hatimaye maelezo yamepata kazi.

Shida moja tu. Mila yataka mposaji asibebe kadzama mwenyewe. Anabeba rafiki. Tena njia ni ndefu, yataka baiskeli. Nimeangalia marafiki wangu wote, na mwenye baiskeli ni Kefa. Nilimwomba meno yameumana. Alikubali haraka mno! Anataka kuingia nyumba ile kwa mgongo wangu. Nimemkazia jicho.

Jumamosi, 13 Novemba

Naandika nikiwa nimejifunga kanga ya Bi Mwanasaumu, nguo zangu zote ziko majini.

Alfajiri Kitsao alishuka na tembo bichi, tamu kama tui la sukari. Alilikabidhi akilinong'oneza. Nikalijaza chupani, nikatia kizibo, nikapampu mbele yake na mbele ya Kefa mpaka pampu ikakataa. Nta. Kamba juu ya nta. Kefa akauliza kwa nini ninaijaza chupa upepo. Nikamwambia mambo ya hamira ni marefu. Kitsao akatusihi tusigombane karibu nalo.

Tukavuta muda kivulini kwa Kitsao, kisha Kefa akaifunga chupa kwenye kiti cha nyuma nami nikafuata kwa miguu. Njia ya kutoka Mwakirunge ni mawe matupu. Chupa ilirukaruka. Jua lilikuwa kali. Karibu na Mjambere ikaanza kuimba, sauti nyembamba, kama birika. Kefa akageuka kuitazama, akaongeza mwendo. Ikaimba zaidi. Akaongeza tena! Nilifika nyuma yake kwa mbali, nahema, nguvu zimeangamizwa, kama ninavyofundisha.

Walikuwa wamekaa duara sebuleni. Mzee Nguma na koti lake la kanisani. Mzee Ruwa, mdogo wake, mkononi tayari ana mrija wa kunywea. Shangazi Kafedha, dada yao, mkekani. Mbeyu nyuma ya mlango, namwona kidole cha mguu. Kefa aliweka chupa katikati kwa mikono miwili kisha akasogea ukutani.

Mzee Nguma aliuliza kama ni tamu. Hapo ningesema ndiyo tu. Lakini nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaeleza kwamba humo ndani hamira imekwisha kufa yote, imeuawa kwa hewa, na kwamba hata mtoto mchanga angelinywa akalala salama. Mzee Nguma akapendezwa, akainua uso kuomba baraka. Nikakata kamba.

Sijui nieleze vipi. Kulikuwa na mlio. Kizibo kilipita kwenye makuti na sasa tunaona anga pale. Tembo likafuata. Lilipanda likagonga boriti, likashuka kwa kila mtu bila upendeleo. Mzee Nguma alikuwa amefika kwenye "Ee Baba," mdomo wazi, na lilimwingia lote. Shangazi Kafedha alitoweka ndani ya povu. Nilisimama na kamba mkononi.

Matone. Tembo lilikuwa kali, harufu peke yake ilitosha kumwangusha kuku.

Mzee Ruwa alilamba masharubu, upande huu, kisha upande ule. Akafikiri. Kisha akatoa hukumu.

"Kaka, kadzama imepokewa. Imemfikia kila mtu."

Shangazi Kafedha akapiga kigelegele kutoka chini ya povu. Nyuma ya mlango Mbeyu alikuwa anacheka mpaka nikasikia akiketi chini. Mzee Nguma alijifuta macho taratibu. Akasema, "Mimi sikunywa. Nimenyweshwa." Akaingia ndani.

Kefa, pale ukutani aliposimama, alikuwa amebandikwa karatasi kwenye paji la uso. Ilikuwa ile ya kizibo. Akaibandua, akaitandaza juani, akaisoma. Akaisoma tena. Akaniuliza kama anaweza kuichukua. Nikamwambia achukue, ni takataka.

Jumapili, 14 Novemba

Mzee Nguma alisimama mbele ya kanisa akaungama. Padri alimuuliza kama alimeza. Alisema alimeza kiasi, kwa mshangao. Amesamehewa. Alipokuwa akirudi kwenye benchi alinitazama mimi, si msalaba.

Baada ya ibada akaniita barazani. Nilitegemea anifukuze. Kumbe ndugu zake wamemshika. Mzee Ruwa anasema tangu azaliwe hajaona posa iliyoingia mwilini mwa ukoo namna ile, na kwamba kuikataa ni kujitakia laana. Basi Mzee Nguma amekubali nusu. Alisema polepole, kila neno peke yake.

"Mtihani ni Alhamisi. Usipopata cheti, kadzama ile nitaihesabu imemwagika."

Usiku sikula. Nampenda Mbeyu. Alhamisi ndiyo yote.

Alhamisi, 18 Novemba

Nimeshinda! Matokeo hayajatoka lakini nimeshinda.

Tulivuka daraja la kuelea kwenda kisiwani asubuhi, walimu wasio na cheti wa upande wetu. Mbeyu alikaa benchi la mbele. Kefa alikaa nyuma yangu na hakupiga mbinja hata mara moja, ishara ya mtu aliyekata tamaa.

Karatasi ya viumbe ilipogeuzwa nilitaka kucheka kwa sauti. Swali baada ya swali, yale yale! Je, mmea hupumua wakati gani? Mchana tu. Chembe zipi za mwili hupumua? Zote isipokuwa za mapafu, ambayo kazi yao ni kuangalia wenzao. Nguvu hutoka wapi? Haitoki, inakwenda.

La mwisho lilikuwa la alama nyingi. Eleza jinsi hamira inavyopumua pasipo oksijeni na kinachotoka humo, kwa mfano wa maisha ya kila siku. Nilijua kabisa wanatutega. Niliandika kwamba hamira pasipo oksijeni hukaa kwa amani, haitoi kitu, na kwamba ikitiwa oksijeni hufa kwa ghadhabu. Nikatoa mfano wa chupa yangu, yote, pampu na nta na boriti, na jinsi mlio ule ulivyokuwa kifo cha hamira nyingi kwa mpigo. Nikachora chupa. Nikachora na Shangazi Kafedha ili kuonyesha kipimo.

Mbeyu alimaliza mapema. Kwenye daraja aliniuliza niliandika nini kwenye swali la hamira. Nilipomwambia akashika ubao wa daraja akatazama maji kwa muda. Nadhani ni upepo.

Ijumaa, 17 Desemba

Nimeanguka.

Mbeyu amefaulu, tena wa kwanza katika wanawake wote wa pwani. Kefa amefaulu! Anahamishiwa Changamwe, anapewa darasa la saba. Swali la hamira alipata alama zote. Alikuja kunishukuru. Akasema bila karatasi yangu asingefaulu, akanipa pampu iwe yangu kabisa. Mtu mwenye dhihaka. Karatasi ile aliivua kwenye paji la uso! Bahati ya ngozi.

Alasiri nilikwenda kwa Mzee Nguma nikiwa nimevaa shati jeupe, kama maiti. Nilimkuta Kefa ameshafika, ana mfuko wa kahawa wa zawadi, amekaa kiti changu. Mzee Nguma alianza kusema neno lake, kwamba kadzama imemwagika. Mzee Ruwa akadakia kwamba kama imemwagika basi iletwe nyingine, na iwe ya namna ile ile. Wakabishana. Mimi nilikuwa natazama tundu la kwenye makuti. Nililia kidogo, nasema kweli.

Ndipo Mbeyu akatoka ndani. Hakutakiwa kutoka. Akapiga goti mbele ya babake, akasema cheti kimeshaingia nyumba hii, ni chake, na kama nyumba yahitaji viwili atangoja cha pili. Kisha akanigeukia.

"Nangoja mtihani mmoja tu, Randu. Soma ukurasa wa pili."

Mzee Nguma alimtazama bintiye, akatazama boriti, akasema mwaka mmoja. Kefa akachukua kofia. Nilirudi nyumbani nikiruka mitaro. Nitausoma! Naapa mbele ya kalamu hii. Ukurasa wa pili, wote, na mistari yake iliyobanana.

Jumamosi, 5 Februari 1949

Taarifa mpya imefika! Mzee Masha amenipa niibandike. Nimeitia mfukoni. Karatasi mbili, pini moja.

Nimeisoma ya kwanza nikajipiga mapaja kwa kicheko. Watu wa safari hii ni wajinga kupita kiasi. "Mtahiniwa mmoja aliandika kuwa mimea hupumua mchana tu." Mchana tu! Nani huyo? "Mmoja aliandika kuwa chembe zote hupumua isipokuwa za mapafu." Maskini, mwalimu wake yuko wapi? Halafu hili: "Mmoja, kutoka upande wa Kisauni, alieleza kisa cha chupa ya tembo iliyofumuka kama ushahidi kwamba oksijeni huua hamira, akachora na mwanamke." Kumbe hapa hapa Kisauni kuna mtu mwingine ambaye chupa yake ilifumuka! Wala sijapata kumsikia. Nitamuulizia kwa Kitsao. Huenda naye ana posa mahali.

Nimeshayageuza yote, wino bado mbichi. Mimea hupumua usiku tu. Ni chembe za mapafu peke yake zinazopumua. Hamira ikikosa oksijeni hufa. Yanaingia kichwani upesi ajabu, kana kwamba niliyajua zamani.

Na kadzama ya pili, ile aliyoidai Mzee Ruwa, nayo nimeipatia ufumbuzi. Hewa nilikosea, lazima niinyime hamira hewa kabisa. Nitajaza chupa mpaka juu, nitie kizibo kisichotobolewa, nta mara mbili, kamba mara tatu. Shangazi Kafedha nimemwalika akae mbele.

Ukurasa wa pili nimeukumbuka, ahadi ni deni. Ila Bi Mwanasaumu, ambaye tangu juzi ananisemesha tena, alikosa karatasi ya kufungia bizari yake, nikampa. Bizari ikiisha nitausoma.